Mstari wa Maji Unakata Wapi?

Kila wiki narushiwa kwenye simu picha za Jiwe la Bismarck, lile la Ziwa Victoria hapa Mwanza. Nyingine zinatoka kwa maharusi niliowahi kuwapiga picha, nyingine kwa vijana wanaoanza kushika kamera na wanataka niwaambie ukweli bila kupepesa macho. Rangi nzuri, jiwe lipo, jua linazama vizuri kabisa. Lakini ukizipanga pamoja utaona ni picha moja: mpigaji amesimama wima pale ufukweni, kamera usawa wa uso, na mstari wa ng'ambo umepita katikati ya fremu toka ukingo hadi ukingo. Jiwe zuri kiasi kile, na hakuna aliyeliamulia kitu.

Mimi riziki yangu ni harusi na sendofu. Studio iko Kirumba, Jumamosi na Jumapili si zangu, na karibu kila bibi harusi wa Mwanza anataka apigwe picha yenye maji nyuma yake. Mandhari napiga katikati ya wiki, alfajiri, kabla sijafungua mlango. Kazi hizi mbili zimenifundisha jambo lilelile, na nimeona niliandike kwa sababu silisikii likisemwa: kwenye picha ya ziwa, swali la kwanza ni mstari wa maji unakata nini. Jua liko wapi na lenzi ni ipi, hayo yanafuata.

Upeo wa macho, yaani huo mstari ambapo maji yanakutana na anga, una tabia moja ambayo ukishaielewa hutashika kamera kama zamani. Siku zote unakaa usawa wa jicho lako. Ukichuchumaa, unashuka nawe. Ukipanda jiwe, unapanda nawe. Kwa hiyo kitu chochote kilichosimama ufukweni ambacho ni kifupi kuliko urefu wa kamera yako kutoka kwenye maji kitabaki chini ya mstari, ndani ya ziwa. Kilicho kirefu kuliko hapo kitautoboa mstari na kuingia angani. Kiwe hatua tano kutoka ulipo au hatua hamsini, ni vilevile.

Chukua mwalo wa Igombe asubuhi, mitumbwi ya dagaa imerudi. Mvuvi wa urefu wa kawaida, mita 1.7 hivi, amesimama mchangani anakunja wavu. Wewe nawe umesimama, kamera iko mita 1.5. Mstari wa ziwa unampita kidevuni. Kichwa peke yake kiko angani, mwili wote uko majini, na anayetazama picha hajui amshike wapi. Sasa piga goti. Kamera imeshuka hadi mita 0.8 na mstari umeshuka hadi kiunoni. Kifua, mabega, mikono inayovuta nyuzi, vyote vimesimama peupe mbele ya anga, na hata mtu asiyewahi kufika ziwani ataona kazi ile ina uzito gani. Halafu panda mojawapo ya mawe ya pale, kamera ifike mita tatu. Mvuvi amezama mzima ndani ya rangi ya maji, mstari umepita juu kabisa ya kichwa chake, na picha imekuwa ya ziwa lenye mtu ndani yake.

Ya goti na ya jiweni zote nazikubali. Ninachotaka ni uchague kabla hujabonyeza: leo napiga mtu, au leo napiga ziwa? Ukishajibu, magoti yako yatajua pa kwenda. Ile ya kidevuni haijibu lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo iliyojaa kwenye simu za watu.

Hapa vijana hunikatiza na kanuni ya theluthi. Wamewasha gridi kwenye simu, wameweka upeo kwenye mstari wa juu au wa chini, wanaona kazi imekwisha. Kanuni hiyo ni ya zamani. Iliandikwa mwaka 1797 na John Thomas Smith, mchoraji wa London, akizungumzia michoro ya mashambani, na bado inasaidia. Mtu anayeanza namwambia awashe gridi leo hii, angalau maji yasimwagike upande mmoja wa picha. Lakini theluthi inakuambia mstari ukae wapi ndani ya fremu. Haikuambii mstari huo unapita wapi kwenye mwili wa mvuvi. Ukiinamisha kamera, upeo unapanda ndani ya fremu, ukiiinua, unashuka, na muda wote huo kidevu cha mvuvi kimekatwa palepale. Unaweza kuwa na picha iliyotii theluthi kwa sentimita na bado imemkata mtu shingo. Uhusiano wa vitu ndani ya picha unatokana na mahali kamera ilipo. Lenzi nayo haiwezi kuurekebisha: zumu inakata kipande cha kile ulichokwisha kukiona, inakikuza. Ukitaka kitu kihame kutoka mbele ya kingine, hama wewe.

Kwa bibi harusi jambo hili linauma zaidi, maana pale Bismarck nyuma yake hakuna maji matupu hadi mwisho wa macho. Ni Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo kuna vilima vya upande wa Sengerema. Ukisimama kawaida, vilima hivyo vinakuwa utepe mweusi wenye unene, na utepe huo unapita shingoni au machoni pa binti wa watu siku yake kubwa kuliko zote. Mimi namsimamisha kwenye jiwe lolote lenye kimo cha nusu mita, kisha nakaa chini kabisa, gauni la kazi likichafuka lichafuke. Utepe unashuka hadi mapajani, shela inapata anga yote. Mama mmoja wa bwana harusi aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, mbona unatupiga picha umekaa kama unaota jua?" Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, moja ya kusimama na moja ya kukaa. Hakuuliza tena, aliwaita mashangazi wote waje nao wapigwe hivyohivyo.

Jiwe lenyewe nalo lina mstari wake. Sifa ya Bismarck ni lile jiwe la juu lililosimama juu ya wenzake kana kwamba litaanguka muda wowote. Uzuri wake wote uko kwenye umbo, na umbo linaonekana pale tu linapokutana na kitu cheupe nyuma yake. Ukipigia juu barabarani, sehemu ya chini ya mawe inajichanganya na vilima vya ng'ambo, giza juu ya giza, hasa jioni jua likiwa mbele yako. Teremka uwezavyo hadi karibu na maji. Vilima vinashuka, jiwe linapanda, na ile mipaka yake ya mviringo inaanza kusomeka dhidi ya rangi ya chungwa.

Kuhusu jua, watu wanalalamika kuwa halikai pale walipoliona mwaka jana. Ni kweli, halikai. Hapa tuko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, na kati ya Juni na Desemba mahali linapozamia husogea takriban nyuzi 47 kwenye upeo. Ukitazama magharibi, mwezi Juni linazamia upande wako wa kulia, Desemba upande wa kushoto, na Machi na Septemba katikati. Anayetaka jua liguse kiuno cha jiwe achague mwezi kwanza, ndipo achague pa kusimama. Na asichelewe. Jioni jua la Mwanza linazama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 kutegemea msimu, linashuka karibu wima, na dakika ishirini na kitu baadaye ni giza. Ulaya wana machweo ya kupigia soga. Sisi hatuna.

Binafsi napenda asubuhi zaidi. Upepo wa ziwa huamka na joto la mchana, kwa hiyo alasiri maji yamechafuka na mawimbi mafupi yasiyo na umbo. Alfajiri ziwa limetulia, na msimu wa mvua mara nyingi unakuta mawingu makubwa yaliyonguruma usiku kucha bado yamesimama juu ya maji, jua likiyapiga ubavuni. Julai na Agosti ni shida: vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa bara unafuta vilima vya mbali kabisa. Miezi hiyo napiga vitu vya karibu na kuuacha ukungu ule uwe karatasi tupu nyuma yao. Mtumbwi mmoja wenye kasia moja kwenye weupe ule unatosha kujaza fremu.

Sasa tupande juu, kwa sababu Mwanza ina zawadi ambayo miji mingi ya pwani haina: mawe. Granaiti hizi zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, zimepasuka kwa mistari iliyonyooka na kumomonyoka kuwa mapande ya mviringo, na kila mtaa una pa kupanda. Bugando, Mabatini, Capri Point, hata nyuma ya nyumba za Igogo. Ufukweni, jicho likiwa mita 1.6 juu ya maji, upeo wa ziwa uko umbali wa kilomita 4.5 tu. Panda hadi mita 100 juu ya maji, unaenda takriban kilomita 36. Ziwa lote lililokuwa limelala kama uzi mwembamba linafunguka kuwa uwanja, na vitu vilivyokuwa vimepangana vinaachana: paa za mabati, kisha mawe, kisha bandari, kisha ghuba, kisha vilima.

Ukiwa juu hivyo, punguza anga. Nasema hivi kila siku na kila siku naletewa picha ya kilimani yenye nusu nzima ya anga isiyo na hata wingu. Umehangaika kupanda ili uone chini, basi tuonyeshe chini. Mimi mara nyingi naacha kipande chembamba tu cha anga, au nakitoa kabisa, na natumia lenzi ndefu, milimita 85 hadi 200, kuchagua safu mbili au tatu zinazozungumza. Jiwe moja lenye nyumba tatu zilizolikumbatia na kivuko cha Kamanga kikipita nyuma yake ni picha tosha. Jiji zima si lazima. Anayetumia simu naye asikimbilie ile lenzi pana zaidi akiwa kilimani. Inafanya milima yote iwe vichuguu.

Lenzi pana ina mahali pake, nako ni chini, karibu na kitu. Hapo ndipo dagaa wanapoingia. Pale Igombe akina mama huwaanika juani, na asubuhi dagaa wabichi wana mng'ao wa fedha unaovuta jicho moja kwa moja hadi majini. Lakini kabla ya kuinama na kamera kwenye mali ya mtu, salimia. "Shikamoo mama, naomba nipige picha dagaa wako." "Marahaba mwanangu. Piga, lakini usiwarukie, na ukimaliza uninunulie kopo moja." Nikanunua. Yule mama aliniambia pia nisubiri hadi amalize kugeuza upande ule, kwa sababu waliogeuzwa wanang'aa kuliko waliokauka juu. Ushauri wa mwanga niliopata kwake haumo kwenye video yoyote niliyowahi kuitazama.

Kwa picha ya namna hiyo kaa na lenzi ya milimita 24, tundu la lenzi f/11 (namba ikipanda, tundu linakuwa dogo), lenga kitu kilichoko mita mbili hivi kutoka kwako. Kwenye kamera yenye sensa kubwa, kile kipande kinachopokea mwanga, utapata kila kitu wazi kuanzia karibu mita moja hadi ng'ambo ya ziwa. Kisha rudi kwenye swali letu: kamera iko juu kiasi gani? Ukiwa chini sana, eneo lote la kuanikia linabanana kuwa kistari na utaona safu ya kwanza tu. Ukipanda hadi kiunoni, linafunguka na kuwa njia. Usimame wima kabisa, njia inakuwa sakafu na ziwa linasukumwa juu. Pale mimi hupandisha na kushusha kamera polepole nikitazama kioo hadi nione mahali ambapo fedha ya dagaa inagusana na bluu ya maji bila mchanga mwingi katikati. Kiganja kimoja tu cha kimo kinabadilisha kila kitu.

Nimetaja mitumbwi, basi niseme na maandishi yake. Mitumbwi yetu imeandikwa ubavuni, na maandishi ni mwizi wa macho. Popote yalipo kwenye picha, mtu atayasoma kwanza ndipo aone mengine. Kama jina la chombo ndilo unalolitaka, lipe nafasi. Kama hulitaki, zunguka uende upande wa tezi, nyuma ya chombo. Hali kadhalika chupa za plastiki kwenye kona, waya wa umeme unaoingia juu kushoto, mguu wa mtu uliokatwa. Pitisha jicho kwenye kingo zote nne kabla ya kubonyeza, basi.

Kuna picha moja ya usiku inayoeleza habari ya mstari kuliko maneno yangu yote. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani wakati wa giza la mwezi, maana taa ndizo zinazowavuta dagaa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, nyeupe zaidi. Ukizitazama kutoka ufukweni, taa zote zimejipanga kwenye uzi mmoja mwembamba kama taa za barabarani, za karibu na za mbali huwezi kuzitofautisha. Zitazame kutoka jiwe refu usiku uleule: zimetawanyika, za karibu ziko chini, za mbali ziko juu, na ghafla ziwa lina kina. Wengine huniuliza ipi bora. Mimi nataka ile ya juu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wanaume wale wako mbali kiasi gani na nchi kavu, na kila taa iko peke yake kiasi gani. Tumia tripodi, tundu kubwa kama f/2.8, ISO 3200 ili sensa ihisi mwanga kwa wepesi, na usizidishe sekunde mbili. Mitumbwi inayumba, ukiacha muda mrefu kila taa inageuka kuwa funza.

Kisiwa cha Saanane nacho nakipendekeza, hasa kwa anayetaka kulitazama jiji kwa kugeuka. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti inafika mara moja, na alasiri jua linakuwa mgongoni mwako likipiga uso wa mji. Mawe ya pale yana pimbi na yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, na kati ya jiwe na jiwe kuna mianya inayofaa kuwa fremu ndani ya fremu. Angalia tu usiweke mwanya mzuri mbele ya kitu kisicho na maana.

Ninachokiwinda sasa ni daraja la Kigongo–Busisi. Lina urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na linanipa tabu ya aina mpya, kwa sababu daraja lenyewe ni mstari wa pili uliolala sambamba na mstari wa maji. Ukiwa chini, barabara yake inapita juu ya vilima vya ng'ambo na kuna utepe wa anga katikati. Napenda hivyo, lakini nguzo za mbali zinajibana. Ukipanda kidogo, barabara inashuka na kulala juu ya vilima, mistari miwili inagandana na daraja linapotea. Inabidi upande zaidi, hadi barabara ishuke chini ya vilima na kuwa na maji pande zote mbili. Asubuhi jua linachomoza upande wa Kigongo, kwa hiyo nataka kusimama Busisi, juu, kabla ya saa 12:30. Mwenye kujua njia ya miguu ya kupanda kilima chochote upande ule, anielekeze. Nauli ya kwenda na kurudi na chai ya asubuhi vitakuwa juu yangu.